HISABATI, MBWA WA CHALA NA UBISHI NILIOSHINDWA

Najua nimepotea sana humu, wengine mmeshaanza kuulizana kama nimedisko. Sijadisko, nipo. Nimerudi juzi tu kutoka likizo na bumu bado halijaingia, kwa hiyo muda wa kuandika ninao wa kumwaga. Leo siandiki habari za hosteli. Kuna jambo limenikaa kooni tangu nikiwa nyumbani na nataka nilitoe, halafu nyie mnaosoma Hisabati na nyie mnaoikimbia mniambie kama nimekosea.

Kwa wasiojua, nyumbani kwetu ni Chala, wilaya ya Nkasi, Rukwa. Ukitoka Sumbawanga mjini unashika barabara ya Namanyere. Ni huko juu kwenye uwanda wa Ufipa, mwezi wa sita na wa saba baridi inauma, na kila mtu ana mahindi, maharage na ulezi kidogo. (Wale wenye utani wenu wa "umekuja na basi au na ungo", nimekuja na basi, mgongo ndio shahidi.)

Basi siku moja jioni mtoto wa jirani yetu, yuko darasa la tatu, akang'atwa na mbwa mguuni akitoka shamba. Mbwa mwenyewe hakuna aliyemfahamu. Alipita anadondosha mate, akang'ata na mbwa wawili wa nyumba ya pili, vijana wakamkimbiza wakamuua. Nilipofika kwa jirani nikakuta kidonda kimepakwa majivu. Kitu kimoja nilichokuwa na uhakika nacho ni kuosha: sabuni, maji yanayotiririka, dakika 15 nzima. Tukaosha mpaka dogo akalia kuliko alivyolia wakati anang'atwa. Asubuhi wakapanda bodaboda. Kituo cha kwanza wakaambiwa chanjo imeisha, ikabidi waende mbali zaidi, na mama yake akauza magunia mawili ya mahindi kwa bei ya haraka. Bei ya haraka mnaijua. Dogo alimaliza sindano zake zote kwa tarehe alizopangiwa na ni mzima. Nawaambia mapema ili msome bila presha, maana kichaa cha mbwa dalili zikishaanza karibu hakuna anayepona. Makadirio yaliyochapishwa mwaka 2015 yalisema ugonjwa huu unaua watu kama 59,000 kila mwaka duniani, wengi wao Asia na Afrika, na watoto ni wengi mno katika hesabu hiyo.

Siku mbili baadaye kikaitwa kikao cha kitongoji. Hoja ilikuwa moja: mbwa wote wauawe. Mimi nikanyanyua mkono. Nikasema kuua mbwa hakusaidii, tumwone bwana mifugo, wachanjwe, na wakichanjwa asilimia 70 inatosha. Nilisema kwa kujiamini kabisa, si unajua mtu wa chuo.

Kuna mzee mmoja pale, namwita babu japo si babu yangu wa damu. Akaniambia taratibu, "Mwalimu," (nyumbani wananiita mwalimu tangu siku majina ya chuo yalipotoka) "hiyo 70 umeitoa wapi? Kwa nini isiwe 50? Au kwa nini isiwe wote? Hao 30 unaowaacha, ndio watakaotung'ata?"

Nikajibu, "Wataalamu wa dunia ndivyo walivyosema, babu."

Watu wakacheka. Babu akaniuliza tena, "Mbwa aliyekufa anang'ata?"

"Hapana, babu."

"Haya, kaa."

Nikakaa. Wiki ile mbwa wengi waliuawa, na Bosi wetu akiwemo. Bosi alikuwa amechanjwa, cheti chake kiko ndani kwenye bahasha ya mama pamoja na vyeti vyetu vya kuzaliwa.

Kilichoniuma si kushindwa ubishi. Mimi ni mwaka wa tatu, Shahada ya Sayansi na Elimu, masomo yangu ya kufundishia ni Hisabati na Biolojia. Milinganyo tofautishi nimesoma na nimefaulu bila sapu. Swali la babu lilikuwa swali la somo langu kabisa na nilikuwa na majibu yake kwenye kaunta buku. Nilikuwa nayo kwa Kiingereza, kwa alama za Kigiriki, na kwa ajili ya mtihani. Kumwambia mzee mwenye akili zake, kwa Kiswahili, sikuweza.

Kwa hiyo niliporudi nikaenda maktaba, nikakaa na jambo hili kama vile najiandaa na UE. Hapa chini ndicho ningemwambia babu.

Hisabati tumizi ina watu wa kila aina. Wapo wanaopigia hesabu mawimbi ya sumakuumeme, wanakwambia kwa nini simu inashika mtandao ukisimama pale juu na ukishuka bondeni unapotea. Hao leo nawaacha. Wapo wanaopigia hesabu viumbe na magonjwa, na hawa wana historia inayotuhusu. Ronald Ross, yule aliyegundua kwamba malaria inapita kwa mbu akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 1902, hakuishia kwenye darubini. Alikaa chini akaandika milinganyo, na kufikia mwaka 1911 alikuwa ameshaonesha kitu ambacho watu wa wakati wake walikiona kigumu kukubali: kuondoa malaria mahali si lazima uue kila mbu. Ukiwapunguza kupita kiwango fulani, ugonjwa wenyewe unaisha nguvu. Mwaka 1927 Kermack na McKendrick wakaliweka wazo hilo la kiwango kwa magonjwa ya kuambukiza kwa ujumla, kwenye milinganyo ile tunayokariri sisi.

Kiwango chenyewe kinatokana na namba moja, inaitwa R0. Ni swali rahisi tu: mgonjwa mmoja akiingia mahali ambapo hakuna mwenye kinga, kwa wastani ataambukiza wangapi? Ikizidi moja ugonjwa unakua. Ikiwa chini ya moja unafifia, kama moto uliokosa kuni.

Sasa sikilizeni hili, maana mimi mwenyewe sikulijua mpaka mwezi huu. Namba hiyo kwa kichaa cha mbwa ilipimwa hapa hapa Tanzania. Watafiti walizunguka wilaya za Serengeti na Ngorongoro, nyumba kwa nyumba: nani kang'atwa, mbwa wa nani, alitokea wapi, kabla ya hapo alimng'ata nani. Mbwa mmoja baada ya mwingine, miaka na miaka. Matokeo yakatoka mwaka 2009 katika jarida la PLoS Biology, mwandishi wa kwanza Katie Hampson, na kati ya wenzake yumo Magai Kaare, Mtanzania mwenzetu. Walikuta kwamba mbwa mwenye kichaa kwa wastani anang'ata mbwa wenzake kama wawili, na kati ya wanaong'atwa karibu nusu ndio wanaougua. Mbili mara nusu ni moja. R0 ikatoka kama 1.2. Wakapitia na takwimu za zamani za nchi nyingine, kote ikawa chini ya 2.

Ugonjwa unaotisha kuliko yote kijijini, ukiuangalia kwa namba unakuta unapumulia juu juu! Surua mtoto mmoja anaweza kuambukiza zaidi ya kumi. Kichaa cha mbwa kinajikongoja na 1.2.

Tupige hesabu. Nikiwachanja mbwa 17 kati ya 100, wanaobaki bila kinga ni 83. Kwa hiyo 1.2 mara 0.83 ni 0.996. Tayari iko chini ya moja. Asilimia 17 tu! Hapo babu angeniruka: mbona ulisema 70, unatuongezea kazi ya nini?

Na hapo ndipo penyewe. Mbwa wa kijijini hakai. Anafa, anagongwa na gari, anapelekwa kwa shemeji, majike yanazaa, kila mwaka kuna watoto wa mbwa ambao sindano hawajawahi kuiona. Ile ripoti ya 2009 ilisema wazi kwamba kinachokwamisha udhibiti kwenye nchi zetu ni mbwa kubadilika haraka, wakienda hawa wanakuja wale. Tuseme (hii ni yangu mimi, si yao) kwamba kila mwaka nusu ya mbwa wa kitongoji wanatoka na nafasi zao zinajazwa na wageni na watoto wa mbwa. Leo umechanja 70 kati ya 100. Mwakani wenye kinga ni 35. Mwaka unaofuata ni 17 na nusu. Umeona tulipofika? Mpaka wa 17! Asilimia 70 ni akiba. Ni kama mtu anayeweka mahindi ghalani si kwa chakula cha leo ila mpaka mavuno mengine. Na kwa sababu kuna kampeni zitakazochelewa, kuna mtaa utakaorukwa na kuna mbwa watakaokimbilia shambani wakisikia kelele, unarudia kila mwaka bila kusubiri ufike ukingoni.

Hiyo ni GP, jamani. Ile mifuatano tuliyosoma Kidato cha Tatu, yenye uwiano wa nusu. Tuliisoma kwa mpira unaodunda, unashuka, unadunda tena nusu. Sijawahi kumwona mtu Chala anapima mpira unaodunda.

Sasa twende kwenye swali la pili la babu, lile lililonikalisha. Mbwa aliyekufa hang'ati, kweli. Ila chukua mbwa wako 100, 70 wana kinga. Ua 50 bila kuchagua. Wanabaki 50, na kwa wastani 35 ndio wenye kinga. Bado ni asilimia 70, hujapata faida yoyote kwenye kinga. Halafu watu wanataka mlinzi, ngedere hawasubiri kikao, kwa hiyo ndani ya miezi michache wanachukua watoto wa mbwa kwa ndugu zao vijiji vya jirani na namba inarudi 100. Wenye kinga ni wale wale 35. Asilimia 35! Uharibifu ambao muda ungeufanya kwa mwaka mzima, sisi tumeufanya kwa wiki moja na marungu. Na hapo nimesema "bila kuchagua", wakati ukweli ni mbaya zaidi. Mbwa anayekamatika kirahisi ni yupi? Ni yule wa nyumbani, anayeitwa jina anakuja. Huyo huyo ndiye aliyekamatika kirahisi siku ya chanjo. Wale wa kuzurura ndio wanaokimbia.

Bosi alikuja alipoitwa.

Na si nadharia tu. Kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997 kwa mbwa waliosafirishwa kwa mashua. Wakaua mbwa kwa maelfu mengi, kwa miaka. Ugonjwa haukuondoka. Kwa upande mwingine tunayo Pemba yetu. Chanjo za mbwa kisiwani zilipokwenda vizuri maambukizi yakakatika mwaka 2014. Mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena, wakarudi kuchanja kisiwa kizima, na kufikia mwisho wa 2018 wakaukata tena. Utafiti wa Pemba uliongozwa na Mtanzania, Kennedy Lushasi wa Taasisi ya Afya Ifakara, wakichanganya ufuatiliaji wa nani kamng'ata nani na vinasaba vya virusi wenyewe. Yaani ukitaka kusoma hisabati ya kichaa cha mbwa duniani, huna ujanja, lazima upite Serengeti na Pemba.

Sasa hoja yangu ni hii, na najua kuna watakaokasirika.

Wanavijiji wa Serengeti na Ngorongoro ndio waliotoa takwimu. Walikaa na watafiti barazani wakajibu maswali. Namba ikatoka, ikaenda kwenye majarida, ikaingia kwenye mipango ya kimataifa, hata lile lengo la kufikia mwaka 2030 bila mtu kufa kwa kichaa kinachotokana na mbwa linasimama juu ya hesabu za namna hii. Halafu namba hiyo haikufika kwenye kikao cha kitongoji chetu. Ilipotakiwa kufika, mjumbe wake nilikuwa mimi, na nikasema "wataalamu wamesema". Hilo ndilo jibu la mtu aliyekariri. Kwa mtazamo wangu, mwalimu wa Hisabati ambaye hawezi kueleza asilimia 70 kwa mkulima bado hajahitimu, hata kama GPA yake inang'aa.

Na tusijifanye hatujui tulivyofika hapa. Shule ya msingi tulisoma Hisabati kwa Kiswahili. Kidato cha Kwanza tukaambiwa ni lugha nyingine, tukaanza kukariri fomula kwa sababu maneno yaliyokuwa yanaizunguka hatuyaelewi. Chuo ndio kabisa. Kwenye notsi zetu milinganyo ya Kermack na McKendrick iko ukurasa mmoja mwishoni, na kila darasa kuna mtu anayepitisha uvumi kwamba haitoki kwenye mtihani. Mimi mwenyewe niliruka. Nawaambia ukweli, niliruka nikaenda kuangalia mpira.

Rafiki yangu mmoja wa hosteli, yuko Hisabati tupu bila Elimu, nilipomsimulia akaniambia naleta siasa. Anasema kazi ya mtafiti ni kupata namba sahihi, kuieneza ni kazi ya watu wa afya na mifugo. Akaniongezea kwamba 1.2 ni ya Serengeti, nani kaniambia Ufipa ni hivyo hivyo? Hapo pa mwisho nampa pointi. Mbwa wa Chala hajapimwa na mimi, na ile nusu kwa mwaka nimeibuni kwa kukisia. Pengine kwetu ni theluthi. Lakini ukiweka theluthi unakuta 70 inadumu muda mrefu zaidi, hoja haifi. Ndio uzuri wake: unaweza kubishana nayo. "Wataalamu wamesema" haibishaniki, mtu anabaki na kukubali au kucheka, na watu wa kwetu walicheka, na nisingekuwa mimi niliyesimama pale ningecheka pia.

Hilo la kwanza simpi. Watu wa mifugo ni wachache na wana wilaya nzima. Walimu wa Hisabati tuko, au tunatakiwa tuwe, kila sekondari ya kata. Nikienda BTP mwaka huu nimeshaamua: GP nitaifundisha kwa mbwa. Kila mwanafunzi atahesabu mbwa wa nyumba kumi za jirani, wangapi wana cheti, wangapi ni wa mwaka huu, wangapi wa mwaka jana hawapo tena. Tutapata ile "nusu" yetu wenyewe badala ya ya kubuni. Mkaguzi akiniuliza mbwa wameingiaje kwenye Basic Mathematics nitamwonesha uwiano.

Juzi jumapili nikampigia babu. Nilijiandaa, nilikuwa na karatasi kabisa. Nikamwelekeza 1.2, nikamwelekeza ghala, nikamwelekeza mbwa 50. Alinyamaza muda mrefu mpaka nikadhani salio limekata. Akasema, "Kumbe tuliua waliochanjwa." Sikujibu kitu.

Halafu akaniambia kwamba ameshapita nyumba zote za upande wao, watu wameanza kuleta watoto wa mbwa, sasa hivi wako 31. "Kwa hesabu zako hao ni wachanjwe wangapi?"

Nikamwambia 22.

"Andika 31," akasema. "Mimi siwezi kupita kwa mtu nikamwambia mbwa wako hayumo kwenye asilimia. Na chanjo yenyewe inakuja lini?"

Hilo sina. Jumatatu nilimpigia bwana mifugo hakupokea, leo nimemtumia meseji na nasubiri. Mwenye kujua utaratibu wa kuomba kampeni ya chanjo ngazi ya kata aniandikie hapo chini. Ngoja nikimbie, kuna tesiti saa nane.